Pigo na Pumziko katika Mshono wa Alumini

Fundi aliyelelewa na chuma husoma rangi. Chuma kikipata moto huiva taratibu: wekundu hafifu, wekundu wa kaa, manjano, halafu weupe, ndipo kinayeyuka karibu na nyuzi 1,500 za Selsiasi. Kila rangi ni onyo. Alumini haina onyo hilo. Hubaki na weupe wake uleule wa sufuria hadi nyuzi 660, na aloi zenye silikoni nyingi, kama zile za injini za pikipiki, huanza kulegea hata kabla ya nyuzi 580. Kisha ghafla eneo zima linashuka, na ufa uliokuwa mwembamba kama unywele unageuka tundu la kupitisha kidole gumba. Ndiyo maana si ajabu kumkuta fundi mwenye mkono mzuri kabisa kwenye mageti, madirisha na matela akikataa kazi ya alumini kwa sauti ya upole, kana kwamba ni ugonjwa usio na dawa.

Manyamanyama ni kata ndani ya mji wa Bunda, mkoani Mara, na ukitaka kujua alumini inaingiaje katika maisha ya mji kama huu, simama nusu saa kando ya barabara. Bodaboda za Boxer na TVS zinapita, na chini ya kila moja kuna injini iliyomiminwa kwa alumini, sentimita chache tu juu ya mawe. Keni za maziwa zimefungwa nyuma ya baiskeli, maana Mara ni mkoa wa ng'ombe. Magari yanayokwenda Musoma na Sirari yana rejeta za alumini. Kimoja kati ya vitu hivi kikipasuka, mwenyewe ana njia tatu: anunue kipya, apake gundi ya chuma na kumwomba Mungu, au atafute fundi mwenye mashine inayoiweza alumini. Njia ya tatu inazidi kusogea karibu, kwa sababu mashine za TIG (zinazowasha mwali kwa ncha ya tangsteni) zenye mkondo geu na mapigo, ambazo zamani zilikuwa na ukubwa wa kabati na kukaa viwandani tu, leo zipo za inveta zinazobebwa kwa mkono mmoja na kuchomekwa kwenye umeme wa kawaida wa volti 230.

Kwenye uso wa mashine hizo kuna vitufe vinne au vitano vya mapigo, na ni rahisi mno kuvizungusha kwa kubahatisha mpaka mshono utoke mzuri machoni. Makala haya yanahusu vitufe hivyo. Naamini vinaeleweka kwa yeyote aliyewahi kusimamia moto wa mkaa, na fundi asipovielewa atakabidhi mishono inayong'aa juu huku ndani imejaa matundu.

Tuanze na metali yenyewe, kwa kuwa mapigo yalibuniwa kuzijibu tabia zake. Alumini hupitisha joto mara tatu au zaidi ya chuma cha kawaida. Unapogusa kipande baridi kwa mwali wa umeme, joto halikai pale ulipolitia. Linakimbilia pembeni, na metali inakataa kuyeyuka. Fundi anaongeza mkondo. Sasa inayeyuka, lakini kabla hajafika katikati ya ufa, kipande chote kimeshiba joto na hakina tena pa kulipeleka. Mkondo uleule uliokuwa mdogo mwanzoni umekuwa mkubwa kupita kiasi, dimbwi linapanuka, kingo zinadondoka. Kwa hiyo mshono wa alumini uliochomwa kwa mkondo usiobadilika huwa na kasoro mbili kwenye ncha zake: mwanzo haukushika, mwisho umezama.

Anayechemsha maziwa kwenye jiko la mkaa analijua suluhisho. Maziwa yakipanda anainua sufuria, yakishuka anairudisha, mkaa haupunguzi. Mashine ya mapigo hufanya hivyo kwa umeme. Inapandisha mkondo hadi kiwango chenye nguvu ya kuyeyusha papo hapo, tukiite kilele, halafu inaushusha hadi kiwango kidogo kinachotosha tu kuuweka mwali hai, tukiite pumziko. Wakati wa kilele metali inayeyuka. Wakati wa pumziko dimbwi linanywea na joto linapata nafasi ya kusambaa. Kisha tena. Fundi anaamua mambo manne: kilele kiwe ampea ngapi, pumziko liwe ampea ngapi, mapigo yawe mangapi kwa sekunde, na kilele kichukue asilimia ngapi ya kila pigo.

Chukua mfano wa kipande cha unene wa milimita 3. Weka kilele ampea 140, pumziko ampea 50, na kilele kichukue asilimia 40 ya muda. Wastani wa mkondo ni 140 mara 0.4, yaani 56, ukijumlisha na 50 mara 0.6, yaani 30: jumla ampea 86. Sasa badilisha: kilele 110, pumziko 50 vilevile, lakini kilele kichukue asilimia 60. Utapata 66 na 20, jumla 86 tena. Joto la jumla linaloingia kwenye kipande ni karibu sawa, lakini mishono haitafanana. Nguvu ya mwali ya kulisukuma dimbwi kwenda chini hukua takriban kwa mraba wa mkondo, hivyo kilele cha 140 kinasukuma zaidi ya mara moja na nusu ya kile cha 110. Mpangilio wa kwanza unachimba zaidi na kupoa zaidi. Wa pili ni mpole, unasambaa, na unaelekea kwenye tabia ya mkondo usiobadilika. Fundi anayeangalia ampea za wastani peke yake hataona tofauti yoyote, na hapo ndipo wengi wanapokwama: wanaambiwa "alumini ya milimita 3 weka themanini na kitu" na hawaambiwi themanini hiyo imeundwa na nini.

Pumziko lina hatari yake. Likiwa dogo mno, tuseme ampea 15 dhidi ya kilele cha 140, dimbwi linaganda kabisa kati ya pigo na pigo, na kila pigo linaanza upya kwenye metali iliyokwisha kuwa ngumu na kuvaa ngozi mpya ya oksidi pale gesi ya kukinga isipofunika vizuri. Likiwa kubwa mno, halipumzishi kitu. Mimi napendelea kuanza na pumziko la theluthi moja hivi ya kilele na kulisikiliza dimbwi: linapaswa kunywea kwa kuonekana, lisigande.

Mapigo mangapi kwa sekunde? Kwa kazi ya mkono na waya wa kujazia, pigo 1 hadi 2 kwa sekunde ni mdundo ambao mkono wa binadamu unaweza kuufuata: kilele kinapopanda unachovya waya, kinaposhuka unasogeza tochi. Ukisogea milimita 2 kwa sekunde na mapigo ni 1 kwa sekunde, kila wimbi la mshono litakuwa milimita 2 kutoka lililotangulia. Dimbwi la upana wa milimita 6 litalifunika lile la nyuma vizuri. Lakini ukiharakisha hadi milimita 5 kwa sekunde bila kubadilisha mapigo, unaacha madoa yaliyoshikana kwa kingo tu, na kati yake kuna metali ambayo haikuyeyuka hadi chini. Juu ya mshono hutaona, kwa kuwa waya umejaza. Mapigo ya haraka, mia na zaidi kwa sekunde, ni jambo lingine kabisa: dimbwi haliwezi tena kufuata kila pigo, na faida inayobaki ni mwali uliokaza na kunyooka, mzuri kwenye kona na bati jembamba.

Hapa niondoe mkanganyiko mmoja unaowatesa wanaoanza. Mashine ya TIG ya alumini ina masafa mawili, na mara nyingi yote yameandikwa kwa hezi. La kwanza ni la mkondo geu wenyewe, mara ngapi kwa sekunde umeme unageuza uelekeo kati ya tangsteni na kipande. Watu hufanya kazi kati ya hezi 60 na 150 au zaidi. La pili ni la mapigo. Mkondo geu wa hezi 100 ukiunganishwa na pigo 1 kwa sekunde lenye kilele cha asilimia 40, basi ndani ya kilele kimoja umeme umegeuka na kurudi mara 40. Ni mawimbi madogo juu ya wimbi kubwa, kama ziwa siku ya upepo.

Na ni yale mawimbi madogo, si mapigo, yanayosafisha. Alumini huvaa ngozi ya oksidi mara tu inapokutana na hewa, na ngozi hiyo huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000, wakati metali iliyo chini yake imekwisha kuwa maji kwenye 660. Katika ile nusu ya mkondo geu ambapo tangsteni inakuwa chanya, ngozi hiyo hupasuliwa na kuondolewa. Katika nusu nyingine joto huingia kwenye kipande. Kitufe cha uwiano ndicho kinachogawa muda kati ya kazi hizo mbili. Fundi akiona dimbwi lina utando wa kijivu unaoelea, na akaongeza kilele akidhani ataupasua kwa moto, anayeyusha kila kitu isipokuwa ule utando. Vipande vyake huzama na kuganda ndani ya mshono, vikiwa vyembamba kama karatasi, na siku mzigo utakapokuja ufa utaanzia hapo. Dawa yake ni brashi ya waya wa chuma cha pua isiyowahi kugusa chuma kingine, asetoni kabla ya brashi ili mafuta yasisuguliwe ndani, na uwiano sahihi. Mapigo hayaingii kwenye kazi hii.

Kwenye MIG, ambapo waya wenyewe ndio unaobeba umeme na kuyeyuka, mapigo yana kazi tofauti, na kwangu ndiyo sehemu inayovutia kuliko zote. Waya wa alumini wa milimita 1.2 ndani ya gesi ya agoni unahitaji takriban ampea 135 ili matone yake yaruke madogo madogo kama dawa ya kupulizia. Chini ya hapo unadondosha mabonge makubwa yanayogusa dimbwi, kukatisha mwali na kurusha cheche. Ampea 135 zisizokoma ni nyingi mno kwa bati la milimita 2. Hapo ndipo mafundi walipokwama hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati watafiti wa taasisi ya uchomeleaji ya Uingereza iliyokuwa kijijini Abington, karibu na Cambridge, walipoonyesha kwamba mkondo unaweza kuvuka kizingiti hicho kwa muda mfupi sana, ukang'oa tone moja, kisha ukashuka. Mashine zao za kwanza zilichukua mapigo moja kwa moja kutoka kwenye umeme wa gridi, kwa hiyo yalikuwa 50 au 100 kwa sekunde, basi. Ilibidi kungoja transista ndipo fundi akaweza kuchagua mengine katikati.

Lengo ni pigo moja, tone moja. Hesabu yake inafanyika kwenye daftari. Waya ukitoka kwa kasi ya mita 6 kwa dakika, ni milimita 100 kwa sekunde. Mapigo yakiwa 100 kwa sekunde, kila pigo linapata milimita 1 ya waya, ujazo wa milimita za mchemraba 1.13, nao ukiviringika unakuwa tone la kipenyo cha karibu milimita 1.3, kubwa kidogo tu kuliko waya wenyewe. Hilo ndilo tone zuri: linanyooka na kutua palepale mwali unapoelekea. Punguza mapigo hadi 50 bila kupunguza kasi ya waya, na tone linafika milimita 1.6, zito, linayumba. Ongeza hadi 200, tone linakuwa milimita 1, na kilele kisipokuwa na nguvu ya kutosha kuling'oa, yanangojana mawili kwa pigo moja na mpangilio unavurugika. Ukisikia sauti ya MIG ya mapigo ikiwa nyororo kama nyuki, hesabu imekaa. Ikianza kupasuka kama bisi, kasi ya waya na mapigo vimeachana. Mashine za kisasa hupanga haya zenyewe kwa kufuata programu ya kila waya, na hilo ni jema mradi fundi aiambie ukweli. Akichagua programu ya waya wa 4043, wenye silikoni asilimia 5 hivi, huku ameweka 5356, wenye magnesiamu asilimia 5 hivi, mashine itapiga mapigo ya metali nyingine. Magnesiamu huchemka kwenye nyuzi 1,090. Kilele kikali kinaichemsha tone likiwa bado hewani, ndiyo yale masizi meusi na cheche pembeni mwa mshono.

Sasa niseme juu ya vitundu, kwa sababu ndivyo vinavyoua mishono ya alumini katika nchi ya ziwa. Alumini iliyoyeyuka hunyonya hidrojeni, na inapoganda inaitema. Kiasi inachoweza kushika ikiwa maji ni kama mara 20 ya kile inachoweza kushika ikiwa ngumu. Tofauti hiyo yote lazima itoke katika sekunde chache za kuganda, na isipopata njia inabaki ndani kama vipovu. Hidrojeni inatoka wapi? Kwenye maji, mafuta na jasho. Wakati wa masika, bati lililolala stoo likaamka limepata umande halihitaji kuonekana limelowa. Ngozi ya oksidi hushika maji kama mchanga. Waya wa MIG ni mbaya zaidi. Mita moja ya waya wa milimita 1.2 ina sentimita za mraba 38 hivi za ngozi kwa metali isiyojaza hata kisoda, na yote inaingia kwenye dimbwi. Roli iliyoachwa wazi juu ya mashine kwa wiki mbili, kilomita chache kutoka ufukwe wa ziwa huko Guta, imekunywa hewa ya ziwa usiku wote.

Mapigo yanafanya nini hapa? Watengenezaji wa mashine husema yanapunguza vitundu, na upo ukweli ndani yake: kilele kinalikoroga dimbwi na kuvisukuma vipovu juu. Lakini pumziko nalo linaharakisha kuganda, na kipovu kilichokuwa njiani kinanaswa. Ndiyo maana majaribio ya maabara yametoa majibu yanayotofautiana kwa kufuata mpangilio. Pumziko la chini na refu, mapigo ya polepole, kipande baridi: ukikata mshono wa namna hiyo utaona vitundu vidogo vimejipanga safu, safu moja kwa kila wimbi la juu. Ukipandisha pumziko kidogo, au ukapasha kipande joto kwanza ili maji yatoke, safu hizo zinapungua. Kwa aloi zinazopata nguvu zake kwa kutiwa joto, kama 6061, kupasha huko kusivuke nyuzi 120. Mahali ambapo maji hayajaondolewa, hakuna namba ya mapigo itakayookoa.

Nyufa ni jambo ambalo mapigo yanasaidia kweli. Alumini ikiganda husinyaa kwa asilimia 6 hivi, na ikiganda polepole kwa punje ndefu zinazokutana katikati ya mshono, mstari wa kukutana ndio hupasuka. Mdundo wa kupata joto na kupoa unazivunja zile punje zikiwa bado changa na kuzifanya ziwe ndogo na za duara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Annamalai, kusini mwa India, waliipima aloi ngumu ya 7075 namna hiyo katika miaka ya 2000, na mishono ya mapigo ikatoka na punje laini zaidi na nguvu zaidi kuliko ya mkondo usiobadilika. Hata hivyo ufa wa 6061 iliyochomwa bila waya wa kujazia hautazuiwa na punje. Aloi hiyo ina silikoni kidogo ya kiwango kilekile kinachoifanya iwe dhaifu kabisa wakati wa kuganda, na ni waya wa 4043 au 5356 unaoitoa kwenye kiwango hicho.

Kuna hasara moja ambayo lazima mteja aambiwe kabla ya kazi. Bomba au bati la 6061 lililotiwa ugumu kiwandani lina nguvu ya takriban megapaskali 290. Kiwango cha Marekani cha uchomeleaji wa alumini, D1.2, kinadai 165 tu kwa mshono wake, kwa kuwa joto la kuchomelea linalainisha ukanda wa pembeni. Mapigo, kwa kupunguza joto la wastani, huufanya ukanda huo uwe mwembamba, hayaufuti. Aloi za magnesiamu kama 5083 hazitegemei ugumu wa tanuri na kwa hiyo hupoteza kidogo, sababu moja ya kupendwa kwake katika mabamba ya boti za alumini. Boti za Kilimanjaro za Azam Marine, zinazowavusha watu kati ya Dar es Salaam na Unguja, ni za alumini, na kadhaa kati yake zilijengwa Hobart, Tasmania. Abiria anayepiga usingizi kwenye kiti amebebwa na kilomita za mishono ya namna tunayoizungumza.

Turudi kwenye injini ya bodaboda, hasa kava lake, kwani ndilo linaloletwa karakanani likiwa limefungwa kwenye mfuko wa rambo. Kwa kawaida limemiminwa kwa shinikizo, kwa aloi za kundi ambalo Wajapani huliita ADC12: silikoni asilimia 10 hadi 12 hivi, na shaba kidogo. Silikoni hiyo ni baraka, inaifanya iyeyuke na kutiririka vizuri, na waya wa 4043 au 4047 unaikubali. Mabalaa ya kava lenyewe ni mawili. Metali ilimiminwa kwa nguvu na hewa ikabanwa ndani. Ukiiyeyusha, hewa inavimba na dimbwi linatoa povu. Pia limekunywa oili kwa miaka, mpaka kwenye vinyweleo vyake. Hapa mapigo ndipo yanapolipa gharama ya mashine. Kilele kifupi kinayeyusha eneo dogo, hewa iliyobanwa inayofumuliwa ni ile ya eneo hilo tu, na pumziko linazuia joto lisioonekana lisienee hadi kwenye uso wa gasketi na kuupinda. Lakini kwanza kava lioshwe, lipashwe joto hadi oili itoke jasho, lifutwe, lipashwe tena. Ufa ukatwe kwa umbo la V, na mwisho wake utobolewe tundu dogo ili usiendelee kukimbia. Pigo la kwanza likitoa povu jeusi, simama, kwangua lote, anza upya. Kujaza juu ya povu ni kufunika jipu kwa plasta.

Kuna mambo mawili ya mazingira ya kuzingatia. Karakana nyingi ziko wazi, na mchana upepo wa ziwa unaingia. Agoni safi, lita 10 hadi 15 kwa dakika, inapeperushwa bila kuonekana, na mshono unatoka mweusi wenye vinyweleo huku fundi akilaumu mtungi. Turubai au bati mbili za kukinga zinamaliza tatizo hilo kwa gharama ndogo kuliko mtungi mmoja. Jambo la pili ni umeme. Jioni volti zikishuka, au mashine ikilishwa kwa waya mrefu mwembamba, namba ya kilele kwenye kioo inaweza kubaki 140 wakati mwali umelegea. Anayepima kwa mita kwenye soketi mashine ikiwa kazini atajua kama kilele alichochagua kipo kweli. Asiyepima atasogeza vitufe vingine kufidia kosa ambalo haliko kwenye vitufe.

Nimesema mshono unaweza kudanganya macho, kwa hiyo nimalizie na namna ya kuubana useme. Ule mpangilio wa mawimbi kama sarafu zilizolazwa, ambao kila tangazo la mashine huuonyesha, unathibitisha kwamba mkono na mdundo vilikwenda pamoja. Hauthibitishi kilichoko chini. Ningependa kuona vyuo vya ufundi vya VETA vikiwapa vijana saa nyingi za kuvunja mishono kama zile za kuitengeneza. Chukua vipande viwili vya bati chakavu la unene uleule wa kazi, viunganishe kwa mpangilio unaotaka kuutumia, kata kibamba cha upana wa vidole vitatu, chora mfereji kwa msumeno katikati ya mshono, kibane kwenye jiliwa na ukipige nyundo mpaka kivunjike hapohapo. Kisha soma uso uliovunjika kwenye mwanga wa jua. Vitundu vya duara vinavyong'aa vilivyotawanyika ni maji au mafuta: rudi kwenye brashi, asetoni na joto. Vitundu vidogo vilivyojipanga safu ni pumziko la chini mno: lipandishe kwa ampea 10 na ujaribu tena. Ukingo ulionyooka, wenye alama za grenda zikiwa bado zinaonekana chini ya mshono, ni kilele kisichofika: kiongeze, na upunguze asilimia ya muda wake ili wastani ubaki palepale. Utando wa kijivu uliokunjamana ni oksidi, na hiyo ni kazi ya kitufe cha uwiano. Kwa keni ya maziwa iliyokwisha kuchomelewa, ambayo huwezi kuivunja, paka chokaa ya maji nje ya mshono, iache ikauke, kisha pitisha mafuta ya taa kwa ndani na ungoje. Doa la unyevu likitokea kwenye weupe wa chokaa, umeonyeshwa mahali pa kukwangua na kurudia, kabla keni haijaoshwa na kurudishwa kwa mwenye ng'ombe.